Alichobeba Rita Reys kwenda New York

Mwaka 1956 Rita Reys, mwimbaji wa Rotterdam aliyekuwa na miaka 31, aliingia studio New York kurekodi na mpiga drams Art Blakey na kundi lake la Jazz Messengers. Tarumbeta alikuwa nayo Donald Byrd, saksofoni ya teno Hank Mobley, piano Horace Silver. Aliyemwalika ni George Avakian, prodyuza wa kampuni ya rekodi ya Columbia. Santuri iliyopatikana, The Cool Voice of Rita Reys, ina pande mbili ambazo ni vizuri uzisikilize kwa kufuatana. Upande mmoja ulirekodiwa Uholanzi mwaka 1955 na kundi la mumewe, mpiga drams Wessel Ilcken. Wa pili ndio huo wa New York. Blakey hakuwa mtu wa kupiga kwa adabu. Anasukuma, anapasua simbali, anachomekea maneno yake katikati ya mistari ya mwimbaji. Ajabu ni kwamba Reys amekaa palepale alipokuwa akikaa kwa mumewe. Hakimbii, wala habaki nyuma.

Sauti nzuri alikuwa nayo, lakini sauti nzuri zilikuwa nyingi Uholanzi na wenye nazo wakabaki nyumbani. Yeye alivuka bahari akiwa anajua ki yake (noti ya nyumbani ambayo wimbo unajengwa juu yake), anajua mapigo yako wapi, na anaujua wimbo wote hadi pale unapomalizikia. Mambo hayo matatu mwimbaji yeyote wa Arusha au Moshi anaweza kuyapata bila kupanda ndege, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi hapa.

Kwanza miaka yake ya nyuma, kwa haraka. Reys alizaliwa Desemba 1924, akaanzia kwenye mashindano ya vipaji, akaingia kwenye orkestra za dansi. Alizunguka Ubelgiji, Hispania na Afrika Kaskazini akiimba na orkestra ya Piet van Dijk. Mwaka 1953 alikuwa Stockholm, akarekodi na Lars Gullin, mpiga saksofoni ya baritoni. Kwa hiyo anapofika New York ana zaidi ya miaka kumi ya kusimama mbele ya watu wanaocheza dansi, na mbele ya watu wanaocheza dansi tempo (kasi ya wimbo) ikiyumba unaiona miguuni mwao. Nyumbani alikuwa akiishi na mpiga drams. Shule gani tena?

Sasa turudi huku kwetu. Waimbaji wengi wanaoshika maiki kwenye hoteli za Njiro, za katikati ya mji au za barabara ya kupandia mlimani kule Moshi wametoka kwaya. Hiyo ni akiba kubwa kuliko wanavyodhani. Sikio limezoea sauti nne, pumzi ipo, na sol-fa wanaisoma kama gazeti. Kinachowaangusha ni pale mgeni aliyeshuka Kilimanjaro jana anapoomba wimbo wa jazi, mpiga gitaa anauliza "ki gani?", na mwimbaji anajibu "anza tu, nitakufuata." Hapo wimbo umeshaharibika kabla haujaanza. Mpiga gitaa ataanzia anapopapenda yeye, aghalabu E au A, kwenye nyuzi za wazi.

Ki ya mwimbaji haitafutwi jukwaani. Inatafutwa nyumbani na kinanda, hata kile kidogo cha kwenye simu. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo na ya chini kabisa, kisha uimbe ile ya juu mara tano kwa sauti ya kawaida, bila kukaza shingo. Ikikushinda mara ya nne, shusha. Vitabu vya nyimbo za jazi vimepangwa kwa urahisi wa saksofoni na tarumbeta, na mwanamke mwenye sauti ya kati kwa kawaida hulazimika kushuka noti nne hadi tano za skeli chini ya kilichoandikwa. Mfano: wimbo ulioandikwa katika E flati (E iliyoshushwa nusu hatua), wenye noti ya juu E flati ya oktavu ya pili juu ya C ya kati na ya chini B flati iliyo chini ya C ya kati, ukiushusha hadi B flati noti hiyo inakuwa B flati, na ile ya chini inaangukia F iliyo chini ya C ya kati. Waimbaji wengi wa sauti ya pili kwenye kwaya wanaishi humo humo.

Waliozoea kwaya hukimbilia juu kwa sababu kanisani kuna watu mia tano wa kuwafikia na maiki ni moja. Jazi inaimbwa karibu na kiwango cha kuongea. Ukisikiliza Reys akianza mstari, unaweza kudhani anamwambia mtu jambo mezani.

Halafu kuna wapulizaji, ambao noti zao huandikwa kwa ki tofauti na ile inayosikika. Ukitaja E kwa kumridhisha mpiga gitaa, mwenye saksofoni ya teno anatakiwa asome F shapu, yaani shapu (alama za kupandisha noti) sita, na mwenye alto anaangukia C shapu, shapu saba. Atakunja uso, na solo utakayopewa itakuwa ya mtu anayetafuta vidole vyake. Taja B flati: teno anasoma C isiyo na shapu wala flati, alto anasoma G yenye shapu moja, na wote wanakupenda. Mpiga gitaa atalalamika kidogo. Mwache alalamike, ana kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kubana na vidole vyake vinahama kirahisi kuliko vya mpulizaji.

Kwa aliyetoka sol-fa, njia ya kwenda kwenye herufi ni fupi. Mwendo unaorudiwa zaidi kwenye jazi ni re maina yenye saba, so yenye saba, do meja. Katika C ni Dm7, G7, Cmaj7. Katika B flati ni Cm7, F7, B♭maj7. Andika mwendo huo kwa ki zote kumi na mbili kwenye daftari na uimbe mizizi yake (noti ya msingi ya kila kodi) kwa sol-fa huku mtu akipiga kodi. Do yako inahama, kama ilivyokuwa ikihama kwaya mwalimu alipobadilisha ki, ila sasa unajua jina la kila mahali inapotua.

Karatasi ya wimbo. Ukurasa mmoja, ukizidi sana miwili iliyobandikwa ubavu kwa ubavu ili asiwepo wa kufunua. Vipimo (mafungu ya mapigo, aghalabu manne manne) vinne kila mstari, vinane kila sehemu, ili jicho lipotee kwa shida. Umbo la nyimbo nyingi za zamani za Marekani ni vipimo 32: A, A, daraja (sehemu ya kati yenye tyuni tofauti), A, kila sehemu vipimo vinane. Juu kushoto andika tempo kwa namba (mapigo kwa dakika) na aina ya mwendo: swingi ya kati, baladi, bosa, rumba. Andika utangulizi unatoka wapi (mara nyingi ni vipimo vinane vya mwisho), nani anachukua solo na mizunguko mingapi (mzunguko ni wimbo mzima mara moja), wewe unarudi wapi, na mwisho unafungwaje. Mwisho ndipo watu wanapoumbuka. Mtindo salama ni kurudia vipimo vinne vya mwisho mara tatu na kusimama pamoja. Kama haukuandikwa, mpiga kinanda atarudia mara tatu, besi ataishia mara ya kwanza, na drams atamaliza anapojisikia.

Nakala ziwe za kila mtu: piano, gitaa, besi, drams, na ya mpulizaji iliyohamishwa tayari kwenye ki ya chombo chake. Mpiga drams naye apewe, asiachwe akidhani yeye hahusiki na karatasi. Tableti ni nzuri hadi chaji inapokata au jua la saa kumi linapoipiga kioo. Kwenye baraza za hoteli za Arusha upepo wa jioni unashuka kutoka Meru na kubeba karatasi hadi kwenye supu za wageni, kwa hiyo vibanio vya nguo viwili kwa kila stendi. Vya mbao, vya plastiki vinavunjika.

Kuhesabu wimbo uingie ni kazi ya mwimbaji, na hapa ndipo Reys anapowaacha wengi. Tempo inatoka kwenye maneno. Kabla hujafungua mdomo, imba kimoyomoyo mstari wenye maneno mengi zaidi, mara nyingi wa kwenye daraja, gonga paja kwenye pigo la pili na la nne, kisha hesabu vipimo viwili: moja, mbili, moja mbili tatu nne. Usianzie kwenye mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza wa nyimbo nyingi una noti ndefu, hivyo utaona tempo inafaa, ukifika darajani maneno yanakukaba koo. Kosa la pili ni la wasiwasi: moyo unadunda 110, na baladi iliyotakiwa kwenda 60 inatoka 80.

Hesabu yenyewe ni rahisi na inasaidia kupanga ratiba. Vipimo 32 vya mapigo manne ni mapigo 128. Kwa tempo ya 128 mzunguko mmoja ni dakika moja kamili: ukiimba mmoja, solo mbili, ukarudi kufunga, umetumia dakika nne. Kwa tempo ya 60 mzunguko mmoja ni dakika mbili na sekunde nane. Ukiifanyia baladi mpango uleule wa mizunguko minne umewakalisha watu dakika nane na nusu, na mhudumu ameshaanza kukusanya sahani. Baladi iimbe yote, mpe piano zile A mbili za kwanza, urudi darajani. Dakika nne na sekunde kumi na sita, inatosha.

Mpiga drams wetu amelelewa na dansi na injili. Tanzania imekuwa na bendi nyingi zilizojiita jazi, Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz, na zilipiga dansi tamu sana lenye damu ya rumba. Swingi ni kitu kingine. Kwenye rumba nusu pigo ni nusu kweli, sawa kwa sawa. Kwenye swingi ya kati pigo linagawanywa tatu na unapiga la kwanza na la tatu. Mwambie aseme "ki-li-ma, ki-li-ma", silabi moja moja kwa usawa, apige simbali kwenye "ki" na "ma". Anayejua ngoma za sita kwa nane anashika ndani ya dakika tano. Tempo ikipanda kupita 200 mgawanyo huo unalainika wenyewe na kukaribia usawa; asiulazimishe, utasikika kama farasi mlemavu. Mguu wa kushoto ufunge simbali pacha kwenye pili na nne, bila kuacha. Ngoma kubwa ya mguuni iguswe tu, isisikike zaidi ya besi. Kwenye baladi atumie brashi, na kama hana asiigize kwa vijiti, apige simbali peke yake kwa wepesi.

Besi atembee: noti nne kila kipimo, ndefu, zinazoungana. Besi la dansi lina mapengo matamu ambayo wachezaji wanayajaza kwa viuno, lakini kwenye swingi mapengo hayo humwacha mwimbaji hewani.

Wewe mwenyewe fanya zoezi hili kwa metronomu ya kwenye simu. Wimbo wa 120, weka metronomu 60, uhesabu kila mlio kuwa ni pigo la pili au la nne. Imba wimbo wote. Mwanzoni milio itakugeuka na kuwa moja na tatu bila wewe kujua. Ikigeuka simama, anza upya. Siku itakapokaa kwa mizunguko mitatu mfululizo unaweza kuanza kuimba nyuma ya pigo kwa makusudi. Kabla ya hapo, unachokiita mtindo ni kuchelewa tu.

Kuhusu Kiingereza, Waholanzi nao hawakuzaliwa nacho. Kwao d ya mwisho wa neno hukauka ikawa t, na waimbaji wao hulazimika kuifanyia kazi. Sisi tatizo letu ni kuongeza irabu mwishoni mwa neno lililofungwa na konsonanti, na kuzipa silabi zote uzito mmoja. Hilo la uzito ndilo kubwa. Kiingereza kinameza silabi ndogo, na swingi imejengwa juu ya kumeza huko. Ukizitamka zote kwa usawa utakuwa sahihi kwenye noti na bado hautaswingi. Dawa yake ni kusoma maneno kwa sauti ya kuongea, juu ya metronomu, bila tyuni yoyote, hadi yakae, ndipo urudishe tyuni.

Maiki. Nyingi utakazokutana nazo ni Shure SM58 au nakala zake. Inapokea mbele na kukataa nyuma, kwa hiyo monita ya sakafuni (spika ya kujisikilizia) ikae mbele yako, ikitazama mkia wa maiki. Ukikumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja, kama wafanyavyo wasanii wa kufoka, unakiharibia tabia hiyo na filimbi inaanza. Kwenye mistari ya chini kaa sentimita tano hivi kutoka mdomoni, ya juu ondoka hadi ishirini, na usogeze maiki badala ya kichwa. Ukiwa karibu sana besi ya sauti inavimba; mwombe fundi mitambo akate kila kilicho chini ya hertzi 100. Spika kubwa ziwe mbele yako, kamwe zisiwe nyuma. Kwenye ukumbi wa vigae na vioo punguza bendi, usiongeze maiki.

Aliyeifanya maiki kuwa chombo hasa ni Ann Burton wa Amsterdam, aliyeishi 1933 hadi 1989. Aliimba kwa sauti ndogo, tempo za polepole, na neno likisikika lote. Japani walimwelewa, akapata wasikilizaji waaminifu huko na akarekodi huko miaka ya 1970. Kwangu mimi huyu ndiye wa kuigwa na mwimbaji wa hoteli kuliko Reys, kwa sababu hotelini watu wanakula na kuongea, na sauti ndogo iliyo wazi huwanyamazisha meza moja moja. Sauti kubwa huwafanya wapaze zao.

Laura Fygi, aliyezaliwa Amsterdam 1955 na kukulia kwa muda Uruguay, alipita njia nyingine. Alitoka kundi la pop la wasichana, akatoa albamu yake ya kwanza ya jazi 1991, kisha akaimba Kifaransa na Kihispania pia, akapata soko kubwa Asia. Denise Jannah alizaliwa Paramaribo, Suriname, akasomea muziki Hilversum, na mwaka 1995 akaingia Blue Note, Mholanzi wa kwanza kusainiwa na lebo hiyo. Wote wawili walikuja na kitu cha kwao ndani ya wimbo wa watu wote. Mwimbaji wa Moshi akipeleka nyimbo kumi za Kimarekani tupu ataulizwa, kwa upole, kama ana chochote cha nyumbani. Awe nazo mbili au tatu za Kiswahili zilizoandikwa kodi vizuri, kwenye karatasi ileile ya vipimo vinne kila mstari. Wimbo wa dansi wa kodi tatu unataka kupangwa upya, la sivyo mpiga piano wa jazi atachoka kwenye mzunguko wa pili na kuanza kuongeza kodi zake mwenyewe, na ndipo utakapopotea.

Reys hakubaki Marekani. Ilcken alifariki 1957, na mwaka 1960 akaolewa na Pim Jacobs, mpiga piano, ambaye trio yake (kundi la watu watatu) ilikuwa na ndugu yake Ruud kwenye besi. Mwaka huohuo, kwenye tamasha la Juan-les-Pins, Ufaransa, akapewa jina la mwanamke wa kwanza wa jazi Ulaya. Aliendelea kuimba hadi uzeeni, akafariki Julai 2013. Wapo wanaohesabu kurudi kwake kuwa alishindwa. Sikubaliani nao: kuwa na trio moja inayojua pumzi zako kwa miaka thelathini na zaidi ni utajiri ambao New York haikuwapa wengi. Huku kwetu ndugu Kinyonga walitoka Jamhuri Jazz ya Tanga, wakapita Arusha na Arusha Jazz, wakavuka hadi Kenya na kuwa Simba Wanyika. Nao walisafiri wakiwa wamebeba wenzao wanaojuana kwa sikio.

Kwa atakayepata mwaliko wa Uholanzi, haya ya makaratasi. BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) wanataka msanii anayekwenda kutumbuiza nje awe na kibali chao, kwa hiyo usajili wako uwe hai kabla mwaliko haujafika. Viza ya Schengen ya muda mfupi inaombwa mapema hadi miezi sita kabla, na isiwe chini ya siku 15 kabla ya safari. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya afya ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, na ukaaji ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Viza yenyewe haikupi ruhusa ya kulipwa. Mwalikaji aandike kama onyesho lako linahitaji kibali cha kazi au la, na barua iseme malipo, malazi, nauli nani analipa. Uliza pia kama malipo yaliyotajwa ni kabla ya kodi ya huko au baada yake. Ndege ya KLM inatua KIA ikitoka Amsterdam moja kwa moja, kwa hiyo Dar unahitaji kwenda kwa ajili ya viza tu.

Umeme wao ni volti 230 na hertzi 50 kama wetu, plagi tu ni ya pini mbili za mviringo. Marekani ni volti 120, na kifaa kisichoandikwa 100–240 kitahitaji transfoma. Karatasi za nyimbo zipande nawe ndani ya ndege kwenye begi la mkononi, pamoja na maiki yako kama unayo, na nakala za PDF zitangulie wiki mbili kabla kwa kiongozi wa bendi, zikiwa na ki na tempo ya kila wimbo kwenye jina la faili.